Nimelipia matangazo miezi mitatu, na namba iliyo kwenye lebo si yangu

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 44, mkazi wa jiji la Tanga. Tangu mwaka 2017 ninasaga na kufungasha viungo: mchanganyiko wa chai, masala ya pilau, mdalasini na pilipili manga. Malighafi ninazinunua kwa wakulima wa Amani, wilayani Muheza, ambako bibi yangu mzaa mama alikuwa na shamba la iliki, na biashara yangu inaitwa kwa jina lake. Kwa miaka mingi nimeuza kwa kujuana: majirani, kina mama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na wenye migahawa ya Ngamiani. Lebo yangu ilikuwa karatasi nyeupe iliyotolewa kopi, yenye jina la bibi na aina ya kiungo, basi.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu, aliyemaliza chuo Dar es Salaam, aliniambia, “Mama mdogo, bidhaa yako ni nzuri lakini haina chapa.” Nilimwona ana hoja. Alinikutanisha na kijana anayefanya kazi ya usanifu wa michoro na matangazo ya mitandaoni. Nilimlipa shilingi 350,000 akanitengenezea nembo ya kinu na mchi kwa rangi ya dhahabu juu ya weusi, kisha nikachapisha lebo 2,000. Baada ya hapo nimekuwa nikimpa shilingi 300,000 kila mwezi, kwa miezi mitatu, ili aendeshe ukurasa wa Instagram na kulipia matangazo.

Wafuasi wamepanda kutoka 900 hadi 14,000, na picha zinapendwa sana. Lakini nilipokaa na daftari langu nilihesabu oda mpya 36 tu zilizotoka mtandaoni kwa miezi yote mitatu, na nyingi ni za shilingi 12,000 hivi. Zaidi ya hapo, dhahabu niliyoiona kwenye simu imetoka kiwandani kama rangi ya matope. Mwezi uliopita, nikiwa safarini, niliona dukani Korogwe pakiti ya unga wa lishe yenye kinu kilekile, mchi uleule, hata ulivyoinama. Nilipomuuliza kijana akasema michoro ya namna hiyo hufanana.

Jambo jingine ni kwamba ukurasa ulifunguliwa kwa barua pepe yake, na namba ya WhatsApp iliyo kwenye lebo ni ya laini yake, kwa kuwa alisema yeye ndiye atakayewajibu wateja. Pia aliweka alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kwenye lebo ili ipendeze, ingawa maombi yangu bado hayajakamilika. Sasa yeye na mtoto wa dada yangu wananishauri nibadilishe jina liwe la Kiingereza, lenye maneno “Royal” na “Organic”, wakisema jina la bibi ni la kishamba na haliwezi kuingia kwenye maduka makubwa ya Dar wala kwenye hoteli za Zanzibar.

Je, nibadilishe jina? Niendelee kulipia matangazo? Nitafute msanifu mwingine? Nimebakiwa na lebo zipatazo 1,400 na sitaki kumvunja moyo mtoto wa dada yangu, ambaye nia yake ilikuwa njema.

Mama wa Viungo, Tanga


JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimeishia kwenye ile namba ya simu. Umeuliza kuhusu jina, nembo na matangazo, nami nitayajibu yote, lakini namba inatangulia. Mtu aliyepika pilau kwa masala yako akaipenda, akigeuza pakiti ili aagize nyingine, kwa sasa anampigia mtu mwingine. Kijana huyo akikorofishana nawe kesho, au akipata kazi mjini Dodoma akaiacha laini hiyo izimike, pakiti zote zilizo majikoni mwa watu zitakuwa zinaelekeza mahali pasipo na mwenyewe. Chapa haijaharibiwa na rangi ya matope kwa kiasi ambacho inaweza kuharibiwa na jambo hilo moja.

Kwa hiyo, kabla ya kitu kingine chochote, nunua laini mpya na uisajili kwa jina lako, kwa alama za vidole vyako mwenyewe, kisha umwombe kijana mkutane ana kwa ana akiwa na simu yake. WhatsApp Business ina sehemu ya kubadilisha namba ambayo huihamisha akaunti kutoka namba moja kwenda nyingine na inaweza kuwaarifu watu waliokuwa wakiwasiliana nayo. Kazi hiyo hufanywa akaunti ya zamani ikiwa bado iko wazi, ndiyo maana nasema muifanye mkiwa pamoja na mkiwa na maelewano. Ikishahamia kwako, ifungue katika simu yako kwa msimbo utakaoletwa kwenye laini yako. Siku hiyohiyo badilisheni barua pepe, namba ya simu na nenosiri la Instagram, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, na uangalie orodha ya vifaa vilivyoingia katika akaunti ili uviondoe usivyovijua. Mwombe pia akukabidhi namba za wateja alizozikusanya na azifute kwake. Wateja wale waliipa biashara yako namba zao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitazama taarifa za namna hiyo kama kitu cha kutunzwa, si kitu cha kuzagaa katika simu za watu.

Nenda kwenye mkutano huo bila hasira. Sioni katika barua yako ushahidi kwamba kijana alikusudia kukudhulumu. Vijana wengi wa kazi hii hufungua kila kitu kwa barua pepe zao kwa sababu mteja aliwaambia “fanya tu”. Hata hivyo, chukua ujumbe wote wa malipo uliomtumia kwa simu, kwa sababu huo ndio utakaoonyesha kwamba kazi ililipiwa nawe iwapo mazungumzo yatakwenda vibaya.

Alama ya TBS iondoke leo, si kesho. Alama hiyo hutumiwa na bidhaa iliyopewa leseni na Shirika la Viwango, na kuiweka kabla ya leseni ni kosa kisheria, hata kama aliyeichora hakujua. Tangu mwaka 2019, usajili wa vyakula uliokuwa chini ya TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, umehamia TBS, kwa hiyo mlango wa kubisha ni huohuo mmoja. Kama hujapita SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ofisi yao ya mkoa iko hapo hapo Tanga, na wamezoea kuwaongoza wajasiriamali wadogo katika hatua hizo.

Sasa nije kwenye matangazo. Hesabu yako mwenyewe imesema kila kitu: umetoa shilingi 900,000, umepata oda 36, maana yake kila oda imekugharimu shilingi 25,000 ili uuze mzigo wa shilingi 12,000. Sitisha malipo hayo mwezi huu. Wafuasi 14,000 wasikutie huzuni wala fahari. Tangazo linapolipiwa kwa lengo la kupendwa, mfumo hulipeleka kwa watu wenye mazoea ya kubonyeza alama ya kupenda, nao watabonyeza wakiwa popote walipo, bila nia yoyote ya kununua iliki. Mfumo ulifanya ulichotumwa. Kosa lilikuwa katika agizo lililotolewa. Tena hujui kati ya zile 300,000 za kila mwezi ni kiasi gani kilikwenda kwenye tangazo na kiasi gani kilikuwa ujira, kwa sababu malipo yalipita katika akaunti ya mwingine. Siku zijazo tangazo lilipiwe kutoka akaunti yako, risiti zije kwenye barua pepe yako, na ujira wa mtu uwe mstari wake wenyewe katika daftari.

Kuhusu jina, naomba uniruhusu niseme kwa uzito wote: usilibadilishe. Na silitetei kwa sababu ya mapenzi kwa mababu tu, ingawa hayo nayo yana thamani yake. Fungua sanduku la mama yeyote wa pwani aliyetunza khanga zake, utazame ukingoni. Utakuta maandishi madogo: “K.H.E. Mali ya Abdulla.” Hizo ni herufi za Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa ambaye watu walimfahamu kama Abdulla. Vizazi vya wanawake wamekwenda dukani, wakainua pindo la khanga na kutafuta maneno hayo kabla ya kuuliza bei, kwa sababu kwao yalikuwa na maana ya rangi isiyochuja na kitambaa kisicholegea. Jina lile halikuwa la kifalme wala la Kiingereza. Lilikuwa jina la mtu, likawekwa mahali palepale kila mara, juu ya bidhaa iliyotimiza ahadi yake kila mara. Jina la bibi yako tayari lina miaka kadhaa ya kazi ya namna hiyo huko Ngamiani, na “Royal” lingeanza na sifuri.

Ipo pia sababu ya kisheria. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, ni jambo jema, lakini hakumzuii mwingine kuuza viungo kwa jina linalofanana na lako. Kinga hiyo huja kwa kusajili alama ya biashara, ambayo huombwa kando, hapo hapo BRELA, kwa kuchagua daraja la bidhaa. Madaraja ya kimataifa ni 45, na viungo, chai na kahawa vimo katika daraja la 30. Maneno yanayoieleza tu bidhaa au kuisifu huwa magumu kukubaliwa kama alama ya mtu mmoja, kwani kila muuza viungo ana haki ya kuyatumia, ilhali jina la bibi lenye upekee lina nafasi nzuri zaidi. Kwa Tanzania Bara usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Ukiwa na nia ya kweli ya hoteli za Zanzibar, fahamu kwamba usajili wa Bara hauvuki bahari: Zanzibar ina sheria yake na wakala wake, BPRA. Hali ni hiyohiyo kwa Kenya, endapo siku moja mzigo wako utapita mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa.

Neno “Organic” lina hatari ya peke yake. Ni dai, na dai huthibitishwa. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai tangu mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai inayotolewa kwa waliokaguliwa. Kama wakulima wako wa Amani wako tayari kukaguliwa, hiyo ni safari nzuri ya kuianza nao. Kabla ya hapo, andika lililo kweli: “Viungo vya Amani, Muheza.” Kwangu mimi hilo lina ladha zaidi, na mnunuzi wa duka kubwa ataliuliza zaidi kuliko ufalme usiojulikana ni wa nani.

Nembo ya kinu, kwa bahati mbaya, sidhani kama ni yako. Mchoro unaofanana hadi mwinamo wa mchi karibu kila mara umetoka katika hazina ya michoro ya mtandaoni, ambapo mtu yeyote huruhusiwa kuuchukua, na masharti ya hazina nyingi za aina hiyo hayaruhusu mchoro wao kusajiliwa kama alama ya biashara. Hata ungetaka kumshtaki mwenye unga wa Korogwe, hungekuwa na cha kushika. Kwa hiyo ndiyo, tengeneza nyingine, ila safari hii anza na pakiti na uiache simu ije baadaye. Chukua pakiti yako ndogo kabisa ya gramu 50, iweke juu ya rafu, rudi nyuma hatua tatu, na ujiulize kama jina linasomeka. Mwandiko wa kupindapinda wa dhahabu juu ya weusi hausomeki kwa umbali huo, wala kwenye kile kiduara kidogo cha picha ya akaunti. Jina la bibi, kwa herufi nene na safi, linaweza kuwa nembo lenyewe bila kinu chochote. Kisha chagua rangi moja kwa kila kiungo, rangi ambayo kiungo chenyewe tayari kinayo: kijani cha iliki, kahawia nyekundu ya mdalasini, weusi wa pilipili manga. Mteja wako asiyejua kusoma vizuri ataijua pakiti yake kwa rangi, na hao wapo wengi kuliko wasanifu wanavyodhani.

Ile rangi ya matope ina maelezo rahisi. Simu huunda rangi kwa mwanga, ikichanganya mwekundu, kijani na buluu. Kiwanda huunda rangi kwa wino, kikichanganya samawati, majenta, njano na nyeusi. Rangi nyingi zinazong'aa kwa mwanga haziwezi kufikiwa na wino huo, na dhahabu ni mfano mbaya kuliko yote, kwani mng'ao wake juu ya karatasi huhitaji wino maalumu au karatasi ya kubandika kwa joto, ambavyo ni ghali. Msanifu anayeijua kazi yake huandaa faili katika rangi za uchapishaji tangu mwanzo, na mteja mwenye busara hukataa kuchapisha nakala 2,000 kabla hajashika mkononi nakala moja ya majaribio, iliyobandikwa kwenye pakiti halisi na kutazamwa juani na chini ya taa ya dukani.

Unapoajiri msanifu mpya, au hata ukimpa kijana huyohuyo nafasi ya pili, makubaliano yawe kwa maandishi, hata ukurasa mmoja. Yaseme kwamba mchoro utabuniwa upya bila kuchukuliwa kutoka hazina za mtandaoni, kwamba haki zote za mchoro zitahamia kwako ukimaliza kulipa, na kwamba utakabidhiwa faili asilia za vekta, yaani zile zinazoweza kukuzwa hadi ubao wa barabarani bila kuchakaa, za SVG, EPS au PDF, pamoja na PNG za kutumia kwenye simu. Zihifadhi mahali pawili. Picha ya JPG iliyotumwa kwa WhatsApp haitoshi, maana huminywa njiani na kiwanda hakiwezi kuirekebisha.

Lebo mpya iwe pia na vitu ambavyo duka kubwa litakuuliza: uzito halisi, viambato, tarehe ya kufungashwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, anwani yako, na msimbo wa mistari kutoka GS1 Tanzania, shirika linalotoa misimbo hiyo, ambao kwa nchi yetu huanza na 620. Acha nafasi yake tangu sasa, hata kama utaununua baadaye.

Ukishakamilisha hayo, rudi kwenye matangazo kwa kiasi kidogo na kwa lengo moja: watu wakuandikie WhatsApp. Lengo hilo lipo katika orodha ya malengo ya matangazo, wala huhitaji kubonyeza kile kitufe cha haraka cha kulipia picha isambazwe, kilicho chini yake. Lifunge tangazo katika maeneo unayoweza kufikisha mzigo, Tanga mjini na Dar es Salaam, ambako pakiti zako hupanda basi asubuhi na jioni zimefika stendi ya Magufuli, Mbezi. Weka shilingi 5,000 kwa siku kwa siku 10. Kila anayeandika muulize ametufahamu wapi, na uandike jibu daftarini. Chukulia kwamba katika oda ya 12,000 inabaki faida ya 4,000: kwa kuwa mnunuzi wa viungo hurudi, unaweza kukubali kumpata kwa shilingi 8,000, ambazo zitarudi katika oda ya pili. Hivyo zile 50,000 zisipokuletea wateja wapya wasiopungua 7, badilisha picha au maneno ya tangazo, usiongeze fedha. Fanya jaribio hilo wiki sita kabla ya Ramadhani, upate muda wa kujifunza kabla ya msimu ambao kila nyumba ya pwani inasaga iliki.

Picha za kuweka unazo tayari na hujazitumia. Panda Amani asubuhi moja na simu yako, umpige picha mkulima akimenya ganda la mdalasini, kwa idhini yake. Piga video ya mkono wako ukikaanga masala kwa namna alivyokufundisha bibi, karibu na dirisha, bila muziki, ili sauti ya kikaango isikike. Video hiyo hakuna mwingine wa kuinakili.

Mtoto wa dada yako mwite mapema, kabla ya mkutano na rafiki yake, umsomee hesabu ya shilingi 25,000 kwa kila oda na umwonyeshe pakiti ya unga ya Korogwe. Alikuwa sahihi kwamba ulihitaji chapa, na mwambie hivyo. Kisha mpe kazi anayoiweza: awe yeye wa kukupiga hizo picha za Muheza, ujira wake uandikwe, akaunti zikibaki mikononi mwako. Zile lebo 1,400 usizibandike hata moja, kwa sababu ya alama ya TBS na ya namba ya simu. Zikate vipande, na wakati huu endelea kuuza na ile karatasi nyeupe ya zamani, ukiongeza juu yake namba yako mpya.